Simba wa Kilo Mia Tatu na Kumi na Mbili

Watu wakisikia mtu analisha simba hudhani ni kazi ya ujasiri. Ni kazi ya ndoo. Unaosha sakafu, unamwaga dawa, unakata nyama, unaosha ndoo, halafu unaanza upya, na huyo mfalme wa nyika anakutazama kama karani anavyomtazama mtu aliyefika dirishani wakati wa kufunga. Mlishaji alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake kwenye bustani ya wanyama ya mji, upande wa simba mmoja na chui milia mmoja, majirani waliotenganishwa na ukuta na wasiosalimiana. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, ila hata mkewe alilitumia akikasirika tu.

Simba ndiye aliyekuwa na sifa mjini. Kibao mbele ya kizimba chake kilisema ana kilo mia tatu na kumi na mbili. Sasa hapo pana jambo. Kingesema mia tatu kavu, watu wangesema hawa wanatia chumvi, maana mia tatu kila mtu anaweza kuitamka akiwa amekaa kwenye kiti chake. Lakini hiyo kumi na mbili! Mbishi akifika kwenye kumi na mbili hunyamaza, kwa sababu anaona kabisa kwamba hapa palikuwa na mizani.

Na mizani ilikuwepo kweli. Aliyempima simba ni baba mkwe wake Mlishaji, aliyekuwa mkuu wa walishaji wakati huo, mtu wa sauti nzito ambaye hata akiomba maji ya kunywa unadhani unafukuzwa kazi. Simba aliletwa na lori kutoka bustani nyingine, akiwa ndani ya kizimba cha mbao. Mzee akaamuru lori lipitie mizani ya magari kule barabarani. Simba aliposhushwa, lori likarudishwa kulekule na kile kizimba kitupu, likapimwa mara ya pili. Toa hiki kwenye kile, unabaki na simba. Hesabu safi, hata mtoto wa shule angeikubali.

Tangu siku hiyo mzee hakuitwa tena kwa jina lake. Kinyozi, muuza duka, fundi viatu, wote walimwita Kumi na Mbili, naye aliitika. Alistaafu akiwa nalo, akafiwa na mke akiwa nalo. Kila Jumamosi alikuja bustanini amevaa koti, akasimama mbele ya kizimba na kuwafundisha wageni ambao hawakuomba kufundishwa. Simba, aliwaambia, usimpime kwa macho, maana nusu ya unachokiona ni manyoya. Mmwagie maji uone kilichobaki. Na urefu usimwamini mtu mwenye futi ya fundi cherehani, kwa sababu akiilaza mgongoni na kufuata kila bonde na kilima mpaka ncha ya mkia, atakupa mnyama ambaye hajazaliwa bado. Wawindaji ndio usiseme. Wanampima akiwa ameshiba, nusu ya nyati iko tumboni, halafu wanamwandikia simba na kilo za nyati.

Kuna mgeni mmoja mjuaji aliwahi kumwambia kwamba chui milia kwa kawaida humzidi simba uzito, hana tu manyoya ya kujionyesha. Mzee akamjibu kwamba huyo wa jirani alipimwa, ana mia moja tisini na nane, kwa hiyo kama ana malalamiko aje mwenyewe.

Mlishaji aliyasikia yote hayo miaka nenda miaka rudi, ndoo mkononi, kimya kama maji mtungini. Alikuwa na sababu yake. Siku ile ya lori yeye alikuwa kibarua mgeni, kijana mwembamba, na mzee mwenyewe ndiye aliyemwamuru apande nyuma ashike kamba ili kizimba kisiyumbe. Akapanda. Lori lilipopimwa na simba, alikuwamo. Lilipopimwa bila simba, alikuwa ameshaachwa bustanini, anaosha ndoo. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo Mlishaji alikuwa sehemu ya simba.

Alilitambua hilo mapema sana, lakini kibarua hamsahihishi mkuu wake. Baadaye akamwoa binti wa mkuu wake, na mambo yakawa magumu zaidi. Baba mkwe hasahihishwi. Unamwamkia, unampisha kiti, unameza maneno. Isitoshe, hakuona madhara. Kibao kikikosea, nani anaumia?

Basi simba akaumwa jino. Alikuwa amekula chumvi nyingi, na meno ya simba nayo huchoka. Kwanza akawa anatafunia upande mmoja, kisha akaacha kabisa, akawa anaitazama nyama tu na kulala. Mlishaji naye akaacha kula vizuri nyumbani, na mkewe akamuuliza kama nao ni ugonjwa wa jino. Daktari wa wanyama akaitwa, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Akachungulia, akasema jino litolewe, na ili litolewe lazima simba alazwe kwa dawa, na dawa yenyewe hutolewa kwa kilo.

Akawaeleza walishaji wote waelewe. Akimpa kidogo, simba ataamka wakati mkono wake yeye daktari uko kinywani. Akimzidishia, kwa umri ule, hataamka tena. Kwa hiyo alitaka kujua kilo.

Wakaleta mizani ya chini, ile bapa, wakaiingiza kizimbani na kuweka maini juu yake. Simba akaja polepole, akapandisha miguu miwili ya mbele, akayalamba maini, akayaacha, akashuka. Mizani ilisoma mia moja thelathini na nane. Mlinzi wa geti, ambaye hakuna aliyemwita, akashauri wazidishe kwa mbili. Daktari akamwambia simba si mkate wa kukata katikati; mbele kuna kichwa, shingo na mabega, nyuma kuna nini? Wakarudia na maini mengine. Simba akalala kando ya mizani na kuigeuzia mgongo.

Siku ya jino Kumi na Mbili alikuwepo asubuhi na mapema, koti limepigwa pasi. Daktari alipouliza kwa mara ya mwisho kama kuna mtu aliyewahi kumpima simba huyu mzima mzima, mzee akasogea mbele. Akasema alimpima yeye mwenyewe, kwa mizani ya serikali, kilo mia tatu na kumi na mbili. Daktari akakitazama kibao, akamtazama mzee, akafikiri. Ile ya mlinzi ilitoa mia mbili sabini na sita. Ukiipunguza ile ya mzee kidogo kwa sababu ya umri na njaa ya simba, hazikuachana sana. Akasema atashika mia mbili themanini. Akaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

Mlishaji akaiweka ndoo chini. Alimwogopa baba mkwe wake kuliko alivyomwogopa simba. Hilo halikuwa siri, hata simba alilijua. Mlishaji alijua pia kwamba mzee hana kitu kingine. Hana mke, hana kazi, nyumba ni ya kupanga. Ana ile namba tu. Lakini mle ndani alikuwa amelala mnyama aliyemkatia nyama nusu ya maisha yake, na alimpenda, ingawa neno hilo hakuwahi kulitamka mbele ya watu. Akapiga moyo konde.

"Daktari, subiri kwanza. Siku ile kwenye mizani, mimi nilikuwa nyuma ya lori."

Daktari akashusha sindano, akauliza wakati huo alikuwa na kilo ngapi. Mlishaji akasema hamsini na tisa, akaongeza, macho chini, kwamba asubuhi hiyo simba alikuwa amelishwa mbuzi mzima ili atulie njiani. Yeye kwa kumkatia nyama kila siku anamwona hazidi mia mbili na thelathini. Daktari akamgeukia mzee, akamuuliza kwa upole kama ni kweli kijana huyu alikuwamo. Kijana mwenyewe alikuwa na mvi.

Mzee alitazama viatu vyake. Kisha akasema siku hiyo kwenye lori kulikuwa na watu wengi.

Daktari hakuhitaji zaidi. Akarudisha sehemu ya dawa kwenye chupa.

Simba akalala. Jino lilitoka kwa shida, limeoza mpaka shinani, na harufu yake ilimwondoa mlinzi wa geti bila kuambiwa. Kabla hajaamka wakambeba kwa turubai, wanaume kila upande, wakamlaza juu ya mizani pamoja na mkia wake wote. Mia mbili thelathini na tatu. Daktari akasema kwa sauti ya kawaida kwamba kama angempa ile dawa ya kwanza, sasa hivi wangekuwa wanatafuta mahali pa kumzika.

Kumi na Mbili alivaa miwani, akainama, akaisoma mizani mwenyewe. Akaisoma tena. Walishaji wote walikuwa wanamtazama, na Mlishaji akatamani ardhi impasukie.

"Amekonda," akasema mzee.

Daktari akafungua kinywa. Mlishaji akamwahi.

"Kweli baba, amekonda."

"Unamlisha nini?"

"Nilimpunguzia nyama, baba. Kosa langu."

Mzee akavua miwani, akaondoka bila kuaga. Simba aliinua kichwa baadaye kidogo, akawaona watu, akapiga miayo kwa kinywa kilichopungukiwa jino, na Mlishaji akajificha nyuma ya ukuta wa chui milia akalia.

Habari ilimtangulia nyumbani. Mkewe alimsubiri mlangoni, akamuuliza kama ni kweli amemkondesha simba wa baba yake kwa kilo themanini. Akamjibu si themanini, ni sabini na tisa. Mkewe alimtazama sana, maana alikuwa amezaliwa na yule baba na ameolewa na huyu mume, akaenda kumpakulia chakula bila kuuliza tena. Mtaani ilikuwa shughuli. Muuza duka alimuuliza kama simba ameshapata japo chai. Kinyozi alisema atamchangia mifupa. Mlishaji aliwaitikia wote kwamba atajitahidi. Ukubwa jalala, alijiambia, ingawa hakuwa mkubwa wa kitu chochote. Yote hayo yalivumilika. Kilichomuuma ni kwamba alikwenda kumwamkia baba mkwe wake, na shikamoo yake haikuitikiwa.

Jumamosi moja ikapita bila mzee. Ya pili alikuja, bila koti. Simba alikuwa anakula, pande zote mbili za kinywa, na mzee akasimama mahali pake pa siku zote. Mlishaji akamwamkia kutoka mbali, akiwa na ndoo, akaendelea kuosha ili asione kama atajibiwa.

Mama mmoja aliyekuja na wanawe akasimama kando ya mzee. Akakisoma kibao, akamwangalia simba, akakisoma tena. Akauliza kama kweli anafika kilo mia tatu na kumi na mbili.

Mlishaji akafunga maji.

"Hafiki," akasema mzee. "Ni mia mbili thelathini na tatu. Hizo nyingine ni za mkwe wangu, yule pale mwenye ndoo."