Dakika Tano Kabla ya Msikiti

Mimi na yeye tulianza kazi redioni wiki ileile, na tangu wiki hiyo sikumpenda. Afadhali niseme mapema, nisije nikajifanya mtu mwema nikifika mbele.

Redio yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme, Kisauni, kando ya barabara ya Malindi. Kuta za studio tulizibandika trei za mayai ili kuzuia kelele za nje, na kelele ziliingia vilevile. Mimi nilizaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo. Nyumbani kwetu mtoto akisema "ile kitu" alirudishwa mlangoni aanze upya. Yeye alikuwa binti wa watu wa bara, babake mfanyakazi wa bandarini, amekulia Changamwe. Alisema "masaa", alisema "hii maji", alicheka ovyo mbele ya maikrofoni. Na watu walimpenda.

Mkuu wetu alimpa kipindi cha salamu za mchana. Mimi akanipa matangazo ya vifo. "Una sauti ya heshima," aliniambia. "Ukisema fulani amefariki, mtu anaamini." Kwa miezi saba nikawa nazika watu mara tatu kwa siku, na yeye anataniana na wasikilizaji wa Mkomani na Likoni. Hata mamangu, aliyenizaa mimi wala si yeye, aliisogeza redio karibu na jiko ili amsikie vizuri. "Yule mtoto wa bara ana bashasha," alisema huku akikoroga mbaazi. Nikatoka uani kwa wivu.

Ramadhani ilipokaribia, nikajua zamu yangu imefika. Kwenye redio ya mtaani hakuna kipindi kikubwa kama kile cha kabla ya futari: saa nzima ya kaswida, mapishi na dua, kisha adhana ya magharibi, watu wamezunguka sinia wanakungoja wewe. Nani mwingine angepewa? Nilianza hata kufanya mazoezi mbele ya kioo.

Akapewa yeye. Mkristo, asiyefunga, asiyejua daku wala tarawehe. "Wasikilizaji wanamtaka," mkuu alisema. "Wewe utakaa naye, umwangalizie mambo ya dini." Nikajibu, "Haya, inshallah," nikaenda chooni nikalia kwa hasira.

Siku ya kwanza ya mfungo, mfadhili wa kipindi, muuza vitambaa mwenyeji wa Lamu, alituletea kalenda ya Ramadhani yenye picha nzuri na jina la duka lake. Mkuu akaibandika ukutani, ikaifunika ratiba yetu ya swala ya siku zote, ili kumfurahisha. Nilipoitazama tu nikaona kuwa saa za kufuturu zilikuwa za Lamu. Kule jua linatangulia kuzama, kama dakika tano kabla ya kwetu. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua, na maandishi madogo chini ya ukurasa yalisema hivyo hivyo.

Nilikusudia kusema. Wallahi nilikusudia. Lakini alipofungua kipindi alitania kuhusu sambusa, simu zikamiminika, na mkuu akasimama mlangoni anatabasamu kama baba wa bi harusi. Nikajishughulisha kupanga kaswida.

Zilipobaki dakika chache, kaswida ikiwa hewani, akanigeukia. "Dada, hii masaa ya kalenda ndio ya leo?"

Alinitazama bila shaka yoyote, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyowekwa pale niifanye.

"Ndiyo ya leo," nikasema.

Akaweka adhana. Tende yangu niliishika mkononi, sikuila. Nje hakukusikika msikiti hata mmoja. Dakika tano ni nyingi ukizikalia. Zinamtosha mtu kula tende tatu, kunywa maji na kumega hamri. Kisha misikiti ikaanza, wa karibu kwanza, halafu wa mbali, na simu za studio zikaita zote pamoja.

Nilingoja anitaje. Hakunitaja. Alifungua maikrofoni, akasema kosa ni lake, alifuata saa za kalenda bila kuhakikisha, na anamwomba radhi kila aliyefungua mapema. Mkuu hakutaka maelezo. Kuanzia kesho kipindi kilikuwa changu, na yeye angesoma vifo. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na bado nilimwonea wivu, maana nilijua mimi nisingeweza kuomba radhi vile.

Nyumbani nilimkuta mamangu kwenye mkeka, chakula hajakigusa. Nikamwamkia, akaitikia polepole.

"Nimekula tende kwa redio yenu," alisema. "Siku ya kwanza hii, na tayari nina siku ya kulipa." Akaisukuma sinia kando. "Yule mwana wa watu simlaumu, si dini yake. Lakini mle ndani hamkuwa na Muislamu hata mmoja?"

"Nilikuwa nimetoka, mama."

Hakuniuliza nilikwenda wapi.

Kesho yake nikakalia kiti. Kwanza niliibandua kalenda ya Lamu. Mchana nilikuwa nimemsikia mwenzangu akisoma vifo, taratibu, kila jina la marehemu akilitamka kama la jamaa yake, na nikaudhika kwamba hata hilo alilifanya vizuri. Mimi nilitangaza kwa Kiswahili kilichonyooka. Kaswida zilifuatana, adhana yetu ikaenda pamoja na ya msikiti. Zilipigwa simu mbili tu, na moja ilikuwa ya kumuulizia dada wa jana.

Nilirudi nyumbani kwa haraka. Mamangu alikuwa ameshafuturu, ananiwekea uji kikombeni.

"Umenisikia, mama?"

"Redio sikuiwasha, mwanangu," akasema, akanisogezea kikombe. "Sasa nangoja msikiti."