Sindano za Uso na Magoti ya Bibi Anastazia

Chekeni tu, hata mimi nimeshacheka, maana mwanamke wa miaka hamsini na mbili, katibu wa jumuiya hapa Bukiriro, niliyekuwa nawasema mabinti kila ibada kwa mikorogo yao, nilipanda basi kimyakimya mpaka Mwanza kwenda kuondolewa makunyanzi.

Dawa yenyewe ni damu yako: wanaitoa mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka yanapatikana maji ya njano, kisha wanakurudishia usoni kwa visindano (eti ngozi inaamka). Yangu iliamka kweli. Nilirudi nimevimba, madoa mekundu uso mzima, na ibada ya wiki hiyo ilikuwa zamu ya nyumbani kwangu. Nikaona nijiokoe, nikamtumia mwenyekiti ujumbe kwamba naumwa, siwezi hata kuinuka.

Hapo ndipo nilipojichongea, kwa sababu kwetu mgonjwa haachwi (na anayehimiza hivyo kila siku ni nani kama si mimi), basi saa kumi jioni nasikia wimbo unakuja njiani, jumuiya nzima, na ndizi, na sukari, na katekista mbele. Nikaruka kitandani nikajifunika kitenge gubigubi. Mwenyekiti akakifunua, akauona uso, akarudi nyuma, na mara nasikia wananong'ona aitwe bwana afya, wengine wanasema padri kwanza.

Aliyenisogelea ni Bibi Anastazia peke yake, anayetembelea fimbo kwa magoti mabovu, kapanda kilima chote kile kwa ajili yangu. Akayapiga magoti yaleyale sakafuni, akaanza kuniombea kifo chema. Nikashindwa, nikakaa.

"Shikamoo bibi. Siumwi. Nilikwenda kuchomwa sindano za urembo."

"Marahaba," akaitikia, bado kapiga magoti.

Nikaeleza yote, huku mabinti niliowasema wameziba midomo mlangoni, nami najua ukatibu ndio huo unakwenda. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo damu, mwanangu, kwa magoti haifai?"

"Wanachoma na magoti, bibi. Si wote wanaopona, lakini wanachoma."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akaomba mkono tu, ainuke.

Ukatibu waliniachia, kicheko wamebaki nacho. Ila mimi kwa ajili ya uso huu Mwanza sirudi tena. Siku nikirudi, itakuwa kwa ajili ya magoti yale: kwenye basi bibi atakaa dirishani na mimi nitambebea fimbo.