Uzio wa Kusalimiana

Sikiliza nikueleze taratibu, maana huenda na wewe umepata kiwanja na kichwani mwako kuna ukuta tu, kama nilivyokuwa mimi.

Nyumba ya Kariakoo aliyokuwa amepanga mama ilikuwa inabomolewa kupisha ghorofa. Mimi binti yake nilikuwa nimemjengea vyumba viwili Kigamboni, mahali penye upepo na utulivu. Alikubali kila kitu mpaka nilipotaja ukuta.

"Basi niacheni hapahapa," akasema. "Jela nayo ina ukuta."

Alikuwa mtu wa barazani. Alichambua mchele pale, akakata mchicha pale, na kila aliyepita alipita na salamu yake. Nikaona wazi kwamba nikishikilia ukuta nitabaki na nyumba, mama sina.

Nikamchukua tukaenda mtaa wa Gerezani, kwa fundi mmoja anayetengeneza uzio wa mbao. Mlangoni kwake alikuwa amepanga magogo ya mkaratusi yaliyopasuliwa kwa kabari. Hayakuguswa na msumeno, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa bado mviringo kama mti, na wa pili bapa. Ukiyatazama utadhani ni kuni, lakini vumilia kidogo. Nguzo hutobolewa matundu, na ncha za vile vipande huingizwa ndani ya matundu, kimoja juu ya kingine, bila msumari hata mmoja. Kikioza kimoja unakichomoa, unaweka kingine. Mguu wa nguzo hupakwa oili chafu kabla ya kufukiwa, ili mchwa wasiusogelee. Mwizi hatazuiwa na uzio huo, nisikudanganye. Kwa mwizi niliweka nondo madirishani.

Fundi akasimamisha nguzo mbili kuelekea uchochoro uliopita mbele ya karakana yake, akalaza vipande vinne mpaka usawa wa mabega ya mtu aliyesimama.

"Wengi wanachukua huu, mama."

Mama akaomba kigoda, akakaa nyuma ya uzio. "Haya, pita huko nje kama unaenda sokoni," akaniamuru. Nikapita.

"Naona tumbo, halafu gogo. Sasa nitasalimiana na kitovu?"

Fundi akacheka mpaka akaegemea nguzo. "Bi mkubwa, ungeniambia mapema kwamba unanunua dirisha!"

"Dirishani kakae wewe. Toa hicho cha juu."

Akakichomoa. Kabla sijapita tena, akatokea mama mmoja uchochoroni na beseni la vitumbua kichwani. Hakumjua mama yangu, lakini macho yao yalikutana juu ya uzio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vya leo hivyo, au vya jana?"

"Vya leo! Shika uone, bado vinaunguza."

Mama akanyoosha mkono juu ya gogo, akapokea kimoja, akakimega na kunipa nusu. Alitafuna polepole, akiutazama ule uchochoro kama aliyekwisha kuhamia. Kisha akafuta mafuta vidoleni kwenye pindo la khanga.

"Huu huu," akasema. "Tunahama lini?"

Kwa hiyo, kabla hujalipia uzio, mkalishe nyuma yake yule atakayeshinda nyumbani, akae kwenye kiti anachokitumia kila siku. Wewe pita nje, umuulize anaona nini. Akikosa kukuona uso, toa kipande cha juu, upite tena.