Mkono wa Raniya

Maher alikuwa hoi. Mwezi mzima wa kampeni, vyama vyote vilimletea vipaza sauti vibovu pale dukani kwake Konde, na kila kimoja kilitaka vyake vitengenezwe leo leo. Akirudi nyumbani, inamngoja kompyuta ya bintiye.

Raniya alikuwa na usaili wa chuo cha urubani Dar es Salaam, Jumamosi. Wangempima kwenye simuleta, ule mtambo wa kurusha ndege bila kutoka chini. Ufadhili ulikuwa wa mtu mmoja tu, na bila huo hana chuo. Basi alijizoeza nyumbani kwa simuleta ya kwenye kompyuta, na kila akikaribia kutua, picha inakwama, inaruka, inakwama tena.

Wiki tatu dawa ya Maher ilikuwa moja: punguza ukubwa wa picha. Aliipunguza hata miti ikawa madoa, na kukwama kukabaki pale pale. Fundi mzima, miaka ishirini kazini!

Jumatano alasiri, macho yakifumba kwa uchovu, ndipo alipotazama nani hasa anafanya kazi humo ndani. Prosesa, ndiyo inayopiga hesabu zote, imeelemewa, mia kwa mia. Kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora tu, inatumia robo ya nguvu zake, imekaa kama mgeni wa heshima. Kumbe siku zote alikuwa akimpunguzia kazi asiye na kazi. Aliona haya peke yake.

Akairudisha picha ukubwa wake, kadi nayo ikahangaike. Akaondoa ndege nyingine angani na magari barabarani, maana hayo huihemesha prosesa, kisha akaweka kikomo cha picha thelathini kwa sekunde. Ikatulia.

"Haya mwanangu, kaa."

Raniya alishuka vizuri. Karibu na ardhi akauvuta usukani mapema, kwa nguvu. Ndege ikapaa tena, ikajibwaga. Mara ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.

"Nimezoea kuvuta kabla haijakwama, baba," alisema. "Na sasa haikwami."

Maher akaketi. Wiki tatu zake za kubahatisha zilikuwa zimeufunza mkono wa mtoto kuogopa, na zimebaki siku mbili. Ilimuuma hasa.

"Mimi ndiye niliyekuharibu mkono, Raniya. Nisamehe."

"Kapumzike, baba. N'tazoea." Hakumtazama, alikuwa keshairudisha ndege juu.

Hakwenda kupumzika. Alibaki pale, akiutazama ule mkono, nao ukavuta mapema tena.