Papai la Kipaimara

Juzi, katika huku kuhangaika kwangu kusikoisha, nilishuka Chimala kungoja basi la Mbeya, nikaingia mgahawani. Jikoni mtu alikuwa anachemsha papai. Huenda ninyi mnaisikia harufu ile kama ya sherehe. Kwangu ni harufu ya kisasi, na sitawaficha: nilitabasamu.

Nilikulia Ipogolo, katika vyumba viwili vya kupanga, hatua kumi kutoka kwa Mama Tumaini, mwanamke pekee mtaani mwenye friza. Mama yangu alikuwa fundi wa aiskrimu ya papai. Alichagua papai lililoiva hadi likanata vidoleni, akalichemsha kwa sukari mpaka likaanza kurusha mapovu mazito, akaliacha lipoe, ndipo akalikoroga na maziwa na limau. Mimi nilibeba kopo kichwani hadi kwa Mama Tumaini likagande. Shukrani yetu kwake ilikuwa bakuli moja la kujaa.

Siku moja akina mama wa jumuiya walisali kwa Mama Tumaini, kisha wakaandaliwa bakuli lile. Walilamba hadi vijiko. Mmoja akauliza nani kaitengeneza.

"Nani tena? Si mkono wangu huu!" alijibu Mama Tumaini, akaunyoosha na bangili zake.

Mama yangu alikuwa amesimama palepale, ameshika sinia. Alicheka pamoja nao. Nyumbani nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," alisema.

Nilikuwa na miaka kumi. Mkono ule sikutaka kuubusu. Nilitaka kuung'ata.

Haukupita muda, Tumaini akawa anapata kipaimara, na sherehe ilikuwa Jumapili. Alhamisi nilipopeleka kopo, mama yake alinipokea kwa andazi la moto.

"Kamwene, mwanangu. Hebu nambie, mama yako hutia nini humu? Nataka nimpumzishe. Ya sherehe nitatengeneza mwenyewe."

"Papai, maziwa, sukari na limau."

"Basi?"

"Basi, mama."

Nikala andazi lake lote. Habari ya kuchemsha sikuitaja. Nyumbani tulijua vizuri kwamba papai lisilopita motoni haliivani na maziwa: ukionja mara moja ni tamu, ukiliacha saa chache huwa chungu kama shubiri.

Nilirudi mbio kumsimulia mama, nacheka peke yangu njia nzima. Alikuwa anachambua mchele.

"Ulimwambia achemshe?"

"Hapana."

Aliinamia ungo wake, akaendelea kuchambua.

Jumapili, baada ya pilau, Mama Tumaini alileta aiskrimu mwenyewe, kwa vigelegele. Katekista alitia kijiko cha kwanza mdomoni, akafumba macho kama anayesali. Bibi mmoja alitema kwenye leso.

"Jamani, Mama Tumaini! Umetupikia mwarobaini?"

"Ule mkono wa siku ile umeusahau wapi?" mwingine akadakia.

Kicheko kikaenea, kisha macho yakaanza kumgeukia mama yangu, jozi moja baada ya nyingine. Hakuna aliyehitaji kuambiwa aiskrimu ya siku ile ilikuwa ya nani. Nawaambia kweli, sijala kitu kitamu kama dakika ile.

Jumatatu friza ilitiwa kufuli. Hatukugandisha tena, papai letu tulilinywa la uvuguvugu hadi tulipohama. Nilingoja kiboko, hakikuja. Kwa miaka mingi nilitembea na kisasi kile kila mji niliolala, nikijisifu kwamba ni changu peke yangu, na kwamba mama, maskini, alikuwa mpole mno.

Pale Chimala, mvuke wa papai ukinijia, nilihesabu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Hatua kumi tu, na neno moja la kusema: chemsha. Mama alikuwa na siku tatu nzima. Akachambua mchele.