Nimeenda kumwonyesha mama ramani ya nyumba

Jamani, leo mama kaninyamazisha bila hata kunigombeza.

Likizo yangu yote imeishia Naipingo ninakojenga, kwenye matofali. Mgongo sina tena. Mama yupo nyumbani Chunyu, na ameshanitumia salamu mara tatu akiuliza kama kweli nimefika au watu wanamdanganya.

Leo nikasema basi. Nikawaacha mafundi, nikakodi pikipiki, ramani mfukoni. Nikae saa moja tu, nimwonyeshe chumba chake, nigeuze. Maana nyumba yenyewe naijenga ili ahamie kwangu.

Nimemkuta amepiga magoti, udongo mpaka kwenye viwiko. Anasiriba ukuta wa chumba changu cha zamani.

Peke yake. Na umri ule!

"Mama, unafanya nini?"

"Nasiriba. Si nilisikia uko likizo? Ukija utalala wapi?"

Kumbe tangu nifike Naipingo anachota udongo kidogo kidogo, ukuta kwa ukuta, ananisubiri. Umebaki mmoja.

Ramani sikuitoa. (Nyie mnaojenga, hebu semeni ukweli: kwenu mmelala lini mara ya mwisho?)

Nikavua shati, nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, ndiko mtandao unakoshika, nikampigia fundi.

"Leo sirudi."

"Kuna msiba, bosi?"

"Hapana. Kuna nyumba nyingine huku haijaisha."