Matanga ya Bao la Kujifunga

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na mpaka leo sijaielewa vizuri. Nakusimulia kwa sababu nimesikia Jumapili ulijifunga, na tangu hapo hutoki ndani. Mama yako anasema umeapa kuacha mpira, unataka kwenda Dar kusiko na anayekujua. Nisikilize kwanza.

Nilikuwa beki wa kati wa timu ya vijana hapa Mtama. Mwalimu wangu hakujua hata kama nipo duniani: beki mmoja wa Kiitaliano niliyemtazama kwenye televisheni ya Bwana Karimu, Mhindi mwenye duka la vitambaa kule Lindi. Jina lake lilinishinda kutamka, lakini soksi nilizishusha kama yeye, na kukasirika nilikasirika kama yeye, kwa mikono tu, maana maneno ya Kiitaliano sikuwa nayo. Wenzangu walinicheka. Nikaona ni wivu unawasumbua.

Siku tuliyocheza na timu ya Rutamba, dakika za mwisho, ikaja krosi. Hakuna aliyenisukuma. Niliupiga mpira kwa kichwa, nikageuka nipongezwe, nikawaona wenzangu wameshika viuno. Mpira ulikuwa kwenye wavu wetu.

Asubuhi yake niliamshwa na vilio vya wanawake uani. Nikadhani tumefiwa. Kumbe ni watani wa ukoo wetu, wamekuja na mkeka wao, wakiongozwa na Bi Zuhura, bibi ambaye hakukosa msiba hata mmoja, na kila msiba lazima atanie.

"Maiti iko wapi?" akauliza. "Tumesikia humu kuna beki amefariki."

"Yumo ndani, bado anapumua," mama yangu mzazi akamjibu, anacheka mpaka anashika ukuta.

Nilichanganyikiwa, mwanangu. Walikuwa wananicheka au wananipa pole? Bi Zuhura alikuwa na machozi ya kweli mashavuni, na huku mabega yanamtikisika kwa kicheko. Sikujua nimkasirikie nani. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikadandia lori la korosho mpaka Lindi, moja kwa moja dukani kwa Bwana Karimu. Nikamwamkia, nikamweleza yote, kisha nikamuuliza lililonipeleka: yule Mwitaliano, miaka yote ya mpira wake, amewahi kujifunga?

"Amejifunga, tena nilimwona kwa macho yangu," akasema.

"Akafanyaje?"

"Akarudi mahali pake, wakaanza upya. Wiki iliyofuata akapangwa tena. Baadaye wakampeleka timu ndogo, akacheza huko, mwisho wakamrudisha."

"Basi?"

"Ulitaka afanye nini, kijana?"

Nilikuwa nimetegemea kuna dawa, siri fulani ya watu wa kule. Nikaona aibu nyingine juu ya ile ya kwanza, kwa sababu miaka yote ile nilikuwa nimejifunza soksi tu. Bwana Karimu akaweka mkasi chini, akanitazama kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Na watani umewaacha uani? Watu wameacha mashamba yao asubuhi kuja kulia na wewe, halafu unawakimbia? Rudi kwenu sasa hivi."

Nilirudi nikiwa na hasira na yeye pia. Watani bado walikuwepo, na walikuwa wameshamchinja kuku wa mama. Bi Zuhura aliponiona alipiga kigelegele, akatangaza kwamba maiti amefufuka, akanikalisha mkekani na kunipakulia paja. Nikacheka. Nikalia. Vyote kwa pamoja, na hapo katikati aibu ikanitoka. Ilitokaje? Usiniulize. Nimeifikiria miaka yote hii na kichwa bado hakinipi jibu.

Wiki iliyofuata nikacheza, na nilicheza vibaya. Lakini nilicheza, nikaendelea kuwa beki wa Mtama mpaka magoti yalipokataa. Nilijifunga tena siku nyingine, na Bi Zuhura, Mungu amrehemu, akaja tena.

Basi ninachokuusia ni hiki. Beki anasimama pale mpira unapokuja, kwa hiyo yeye ndiye atakayekosea mbele ya watu. Huwezi kuitaka kazi hiyo halafu ukadai usionekane ukikosea. Usisubiri mpaka uelewe kwa nini imetokea ndipo utoke, kwani utazeekea humo ndani. Na hao wanaokucheka, watazame vizuri kabla hujawakimbia. Huko Dar ni kweli hakuna atakayekujua, ila pia hakuna atakayekuja kukulilia.

Kocha amenipigia simu leo asubuhi, anauliza ampange nani nyuma Jumapili hii. Nimemwambia jibu hilo si langu, ni lako.

Mwenyezi Mungu akupe afya na miguu mizima, mwanangu, na akujaalie urudi kusimama pale pale ulipokosea, watu wote wakiwa wanakutazama. Amina.